Chaîne ni ya Safiya

Yabolika, 14 Mei 2022

Yaya Issa,

Kaka yangu, kabla hujakaa kusoma, ingia ndani umsalimie Mama kwa jina langu, kisha urudi kwenye karatasi hii. Antena ya hapa kijijini bado imekufa. Simu yangu siku hizi ni saa tu, kwa hiyo tuandikiane kama walivyoandikiana wazee wetu. Carlos, mwenye ile boti ya mbao, baleinière, inayopanda mto mpaka Kisangani kila wiki, amekubali kubeba barua zetu bila kununa, kwa sababu mimi ndiye niliyemzalisha mke wake mapacha.

Habari yenyewe ni hii. Idrissa, yule mwalimu wa hesabu niliyekuambia ni rafiki tu, ametuma wazee wake kwa Tonton Djuma, anayesimama mahali pa marehemu Papa. Usicheke. Wamesikilizana: ndoa ni tarehe ishirini Agosti, hapo kwetu Lubunga. Mimi, mkunga wa miaka thelathini na sita, niliyekwisha kuzoea kuulizwa "bado?" kila Idi, naolewa. Nimefurahi mpaka naona haya.

Sasa ombi. Siku ya Idi, wewe ukiwa uani unapiga watu picha, Mama alinivuta jikoni akaniambia: "Safiya, siku utaolewa, chaîne iko yako." Sikuamini masikio yangu. Unajua tangu utotoni niliambiwa neno moja tu juu ya ile chaîne: usiguse, ni ya wateja wa studio. Kuipangusa kwa kitambaa, ndiyo. Zaidi ya hapo, hapana. Wasichana wa Kisangani nzima walipiga picha nayo, na mimi mtoto wa nyumba nilikuwa nachungulia nyuma ya pazia.

Donc, Yaya, kuanzia leo wateja wasiishike tena. Ing'arishe, ifunge vizuri, na kama kuna njia, itangulize huku na Carlos. Nataka kuizoea kabla ya siku yenyewe, na nataka Idrissa aione. Hajui kama kwetu kuna kitu cha namna hiyo.

Mdogo wako,
Safiya


Lubunga, 22 Mei 2022

Safiya mdogo wangu,

Mama amepiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amejifungua. Mungu awape kheri. Idrissa nimempenda kuanzia leo, ingawa mtu anayefundisha hesabu kwa hiari yake ananitisha kidogo.

Lakini sehemu ya pili ya barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Chaîne? Ile chaîne yetu? Sijamuuliza Mama, nakuambia kweli. Naogopa atasema ndiyo.

Wewe unaijua kwa kitambaa cha vumbi. Mimi naijua kwa macho, mwaka wa thelathini na nane sasa. Nilikuwa na miaka mitano Papa Yunus alipoipata kwa yule mwalimu Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao, akaivusha mto kwa pirogi mbili: ampli na platine ya santuri katika moja, bafle zote mbili za kutolea sauti katika nyingine, na yeye mwenyewe kasimama katikati ya bafle, kazikumbatia, hajui kuogelea.

Chukua ampli peke yake. Uso wake ni alumini iliyochanwa mistari membamba, yote ya kulala, na rangi yake si nyeupe wala si dhahabu, ni kama mchanga wa mto wakati maji yameshuka. Ina vidirisha viwili vya kioo, na ndani ya kila kimoja mshale mmoja mwembamba. Courant ikija, taa ya buluu inawaka nyuma na mishale inaamka. Isipokuja, na hapa Lubunga kutokuja ndiyo kazi yake, mishale inalala kushoto, sambamba, na inapendeza vilevile. Buto la sauti ni zito, linajaa kiganja, na ukilizungusha linakujibu kwa meno madogo chini ya vidole. Ubavuni kuna mbao nyekundu isiyo na msumari hata mmoja. Nyuma, ambako hakuna anayetazama, Papa aliziweka skrubu zote vichwa vielekee upande mmoja. Nilimuuliza nani ataona. Akasema, "Mimi."

Halafu platine, na sahani yake yenye safu nne za vitone ukingoni. Halafu bafle, zinazonifika kiunoni. Ukitoa kitambaa cheusi cha mbele unakuta macho matatu, kubwa, la kati na dogo, na yote yanakutazama. Saa kumi jua linaingia kwa dirisha la kushoto na kutembea polepole juu ya vitu hivi vyote, na mimi wakati huo sina haja ya chakula.

Watu wanavuka mto kutoka mjini waje kusimama mbele yake. Kila mmoja ana simu yenye kamera, lakini hana ile. Ukiichukua, studio ya Papa inabaki ukuta.

Na huko kwenu hakuna umeme hata wa kuwasha taa moja. Niambie, chaîne bila courant utaifanyia nini?

Kaka yako anayekupenda, hata leo,
Issa


Yabolika, 4 Juni 2022

Yaya,

Barua yako imefika imelowa. Mvua iliwakuta njiani, na Carlos aliiweka ndani ya kofia yake, halafu akaivaa kofia. Kurasa mbili za katikati zimekuwa buluu tupu. Nimesoma vigelegele vya Mama, nimesoma matusi yako kwa walimu wa hesabu, na nimesoma mwisho.

Mwisho umenikera. Studio itabaki ukuta, umeandika. Mimi je, nibaki nini?

Na huo umeme unaingia wapi? Labda ulieleza kwenye kurasa zilizokufa. Lakini nikujibu hata hivyo: kitu kizuri hakingojei courant ndipo kiwe kizuri. Chaîne inang'aa yenyewe. Mchana itang'aa kwa jua, na jioni taa ya petroli inatosha. Sitaki ifanye kazi yoyote, Yaya. Nataka niitazame tu, na siku hiyo watu wanione nayo.

Ulidhani ni wewe peke yako unayeujua uzuri wake? Nimeipangusa miaka kumi. Naikumbuka hata nikifumba macho.

Kama hutaki kuitoa, sema hutaki. Usisingizie umeme.

Safiya


Lubunga, 19 Juni 2022

Mdogo wangu Safiya,

Barua yako nimeisoma mara tano, na mara ya tano nililia kidogo, tena mbele ya mteja.

Miaka yote hii nilidhani ni Papa na mimi tu. Watu wengine wakija wanauliza inapiga namna gani, bass yake inafika wapi, kama inaweza kusikika mpaka barabarani. Sijawahi kumsikia mtu akisema niliyoyaficha moyoni: kwamba inatosha kuitazama. Na aliyesema ni wewe, uliyekuwa nyuma ya pazia na kitambaa. Nimeona aibu. Mtu anaweza kukaa nyumba moja na mwenzake miaka ishirini asijue kama macho yao yanapenda kitu kimoja.

Alors, nimekata shauri. Chaîne ni yako. Si kwa sababu nimechoka kukataa, la, inaniuma hapa kifuani ninapoandika. Ni kwa sababu umeijua.

Amuri seremala amenitengenezea masanduku ya mbao, na ndani nimejaza pamba ya kapok na magodoro ya zamani. Carlos anasema safari hii amejaa sabuni na chumvi, nafasi iliyobaki ni ya sanduku moja. Nimeanza na bafle ya kushoto. Ya kulia itafuata, kisha platine, na ampli nitaileta mwenyewe baada ya ndoa, nimeipakata, kwa sababu simwamini mtu.

Wakati nafunga, Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni anaangalia. Alisema tu, "Funga vizuri."

Iweke mbali na ukuta, shibiri mbili. Usiiwekee kikombe juu.

Issa


Yabolika, 29 Juni 2022

Yaya wangu, Yaya wangu,

Ngoja nipumue.

Jana saa tano Carlos alifunga baleinière hapa, na wanaume wanne wakapanda ukingo wa mto wakiwa wamebeba sanduku refu la mbao mpya mabegani. Wamenyamaza, maana ni zito. Wewe fikiria mwenyewe kijiji kinaona nini. Akina mama waliokuwa kwenye kituo cha afya wakaanza kulia. Mmoja tayari amefungua kitambaa cha kichwa. Nikakimbia nje nikiuliza ni nani, ni nani, na Carlos ananiambia bila haraka: "Mama Safiya, sanduku iko nzito, lakini hakuna maiti ndani. Nilitikisa."

Tukafungua. Kapok ikaruka mpaka kwa kuku. Na ndani yake, bafle ya Papa.

Nilikaa chini kwenye majani nikacheka mpaka Idrissa akadhani nimepatwa na kitu. Yaya, chaîne ya shingo! Mkufu! Ile ya dhahabu yenye majani madogo-madogo, ambayo Mama alikuwa akiwavalisha wateja wasio na kitu shingoni kabla ya picha. Ile niliyokuwa naipangusa na kuirudisha kwenye kibweta. Mimi nakuandikia habari ya mkufu, wewe unanijibu umeme. Sasa naelewa kurasa zile mbili zilikuwa na nini, na nasikitika kuzikosa.

Lawama tukitwike hicho Kifaransa, kinachoita mkufu na mashine ya muziki jina moja.

Bafle yako nimeisimamisha kwenye chumba cha kungojea, shibiri mbili kutoka ukutani, hakuna kikombe. Mtu wa kwanza atakayeiegemea nitamchoma sindano. Itarudi kwako na Carlos akipata nafasi. Wewe muombe Mama ule mkufu, utie kwenye bahasha, umpe Carlos. Asiuvae kofiani.

Nimecheka, lakini ile barua yako ya tarehe kumi na tisa nimeiweka kando na nyingine. Ulikuwa tayari kunipa kitu chako chote. Sitasahau.

Safiya


Lubunga, 3 Julai 2022

Safiya,

Fupi tu, Carlos anaondoka na injini imeshawashwa. Nimecheka peke yangu barabarani mpaka watu wamenipisha. Bafle ya kulia nimeipangusa mara mbili leo, ampli mara tatu. Wiki mbili nilikuwa nalala kama mwenye homa, sasa najisikia nimezaliwa.

Leo hii namuuliza Mama habari ya mkufu, na wiki ijayo unao. Rudisha mtoto wangu.

Issa


Yabolika, 16 Julai 2022

Yaya,

Carlos amefika mara mbili, na mara mbili mikono mitupu. Mara ya pili nilimuuliza kama amekuona. Akasema: "Nilimuona. Alinipatia barua, kisha akakuja tena ku port, akaikamata mu mukono yangu, akaenda nayo."

Mama ni mzima? Mkufu umepotea? Mteja aliondoka nao? Kama ni hivyo sema tu, sitakuua, niko mbali. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi huu wako umeanza kunitisha.

Mimi ni mkunga, najua wazee walisema nini: mficha uchi hazai. Sema.

Safiya


Lubunga, 24 Julai 2022

Safiya mdogo wangu,

Mama ni mzima. Anakula kuliko mimi.

Sasa nakueleza, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Ile siku ya barua fupi nilimkuta Mama anachambua mchele. Nikamwambia kwa kicheko, "Mama, unajua Safiya alifikiri nini, mimi nilifikiri nini?" Nikamsimulia yote, mpaka maiti ya Carlos. Yeye hakucheka. Akaniuliza: "Alors, chaîne haifiki?" Nikamwambia nimekuja kuchukua mkufu. Akaniangalia kama mtoto mwenye homa. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Issa, chaîne mu hii nyumba iko moja. Ile ya shingo ni shaba. Baba yenu aliinunuaka ku soko, juu ya bateja wapendeze mu photo. Ukiivaa siku mbili, shingo inakuwa rangi ya majani. Mimi nilimuahidi Safiya ile kubwa. Nilikuona unafunga mu masanduku ya Amuri, nikasema, kumbe mutoto amekubali. Nilifurahi."

Nikamuuliza kwa nini wewe. Sauti yangu haikuwa nzuri, nakiri. Akasema: "Weye ulikuwa nayo miaka yote. Yeye alifutaka tu mavumbi."

Basi. Kosa langu la kwanza ndilo lilikuwa sahihi, na kicheko chetu ndicho kilichokosea.

Haya yafuatayo ndiyo yaliyonifunga mdomo wiki tatu. Mama hakuandikii, simu yako imekufa, kwa hiyo maneno yake yalikuwa kwangu peke yangu. Niliuchukua ule mkufu wa shaba, nikausugua kwa limau mpaka ukametameta, nikauweka kwenye bahasha na barua nzuri: "Huu hapa mkufu wako, Mama anakubariki." Kila neno lilikuwa la kweli, ukilitazama moja moja. Nikampa Carlos. Nikarudi nyumbani, nikakaa mbele ya ampli saa kumi, jua likapita juu yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuweza kuitazama. Nikatoka mbio mpaka bandarini nikamnyang'anya Carlos barua.

Kisha nikakaa na kimya, kwa sababu kusema uongo sikuweza na kusema kweli sikutaka. Leo nimesema.

Mkufu wa dhahabu haupo, haukuwapo kamwe, pole sana. Chaîne ipo, na ni yako kwa neno la Mama. Ukisema ibaki, nitakushukuru mpaka kufa. Ukisema iende, itaenda. Sikuombi lolote.

Issa


Yabolika, 1 Agosti 2022

Yaya Issa,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba.

Kwanza, nimelia kwa ajili ya mkufu. Najua ni ujinga kulilia shaba, lakini niliipenda miaka thelathini nikidhani ni dhahabu, na mapenzi yale yalikuwa ya kweli. Utume hata hivyo. Nitauvaa tarehe ishirini, nitapaka poda shingoni, na atakayeona rangi ya majani anyamaze.

Pili, hukuwa na shahidi. Ungeninyamazia nisingejua mpaka tunazikwa. Hilo nimeliona, na limenifanya nikae siku mbili kabla ya kushika kalamu. Nilitaka kuandika: ibaki kwako, Yaya, tufunge habari. Ndivyo dada mwema angeandika, na barua ile nimeianza mara mbili.

Lakini ngoja nikuambie kilichotokea hapa. Bafle yako iko kwenye chumba cha kungojea tangu Juni. Alhamisi alikuja Chantal, mke wa mvuvi, mimba ya tatu, na watoto wa zile mbili za kwanza aliwazika. Alikuwa anatetemeka, hataki kulala, hataki kukaa. Nikamkalisha kwenye kile kiti kilicho mbele ya bafle kwa sababu ndicho kilikuwa wazi. Baada ya muda naona ametulia. Anapitisha kiganja juu ya mbao, juu-chini. Akaniuliza, "Mama, hii kitu iko na kazi gani?" Nikamwambia haina kazi, haijaunganishwa na kitu. Akasema, "Bon. Acha niiangalie." Akaiangalia mpaka saa nane mchana, kisha akazaa msichana anayelia vizuri.

Yaya, katika nyumba hii ya uzazi kila kitu kina kazi. Beseni lina kazi, mizani ina kazi, kitanda, ndoo, mkasi, hata kalenda ukutani inakuonya juu ya malaria. Hakuna kitu hata kimoja kilichotengenezwa kipendeze tu. Wanawake wanakuja hapa na hofu yao na hawana pa kuweka macho. Wewe unayo ile kila siku saa kumi. Nilipofika hapo katika kufikiri, ile barua ya dada mwema niliichana.

Nataka yote. Ampli, platine, bafle ya kulia. Itakaa chumba cha kungojea, karibu na dirisha la mashariki, na ufunguo ninao mimi. Najua nakuumiza, na sitajifanya sijui.

Uilete wewe mwenyewe, uipange wewe, uniambie shibiri ngapi.

Mdogo wako,
Safiya


Lubunga, 11 Septemba 2022

Safiya, mke wa Idrissa,

Salamu zangu kwa bwana wako, na umwambie alinishangaza: mtu aliyepima kwa kamba nafasi kati ya bafle mbili mpaka zikalingana kwa unene wa ukucha hawezi kuwa mtu mbaya. Hesabu nimeisamehe.

Tulipoagana huko Yabolika, baada ya kuipanga chaîne, uliniambia niandike nikifika, na nimechelewa wiki mbili kwa sababu sikuwa na habari nzuri, na sikutaka kukupa mbaya. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mfiwa. Nilikuwa naamka, nachukua brashi ya vumbi, nasimama mbele ya ukuta. Kwenye sakafu kuna alama nne ambapo saruji haijafifia. Chai yangu Mama alikuwa anaiongeza sukari.

Nilijua wateja watakatika, na wengine wamekatika kweli. Lakini Jumanne iliyopita alivuka Katungu, yule mama wa Butembo anayeuza chumvi na samaki wa chumvi jumla, pamoja na mume wake Osée, wote wamevaa kitambaa kimoja. Wanatimiza miaka ishirini ya ndoa. Katungu akaangalia ukuta, akaniangalia mimi. "Papa Issa, chaîne iko wapi?" Nikamjibu, "Imeolewa. Iko Yabolika na bwana wake." Alicheka sana, akasema basi tupige hivyohivyo, tumeshalipa pirogi. Nikawapiga mbele ya ukuta mtupu, nikiona haya kama mpishi anayeandaa sahani bila mboga.

Nilipoitoa ile picha nikashtuka. Ilikuwa nzuri. Sikuelewa kwa nini. Nikaenda kwenye makasha, nikatoa picha zangu za zamani, za miaka ishirini, nikazitandaza kitandani, nikaanza kutazama. Safiya, kwenye kila moja unaweza kusoma namba ndogo zilizo chini ya mishale ya ampli. Unaweza kuhesabu vitone vya platine. Na watu waliosimama mbele yake, bibi harusi, wanafunzi wenye diploma, wazee wenye fimbo, sura zao zote zina ukungu kidogo, kama mtu aliye nyuma ya mvuke wa sufuria. Nusu ya Lubunga imepita mbele ya lensi yangu, na uso nilioulenga siku zote ni ule wa alumini. Hakuna aliyelalamika hata mmoja. Nadhani nao walipochukua picha zao walikuwa wanaitazama chaîne.

Sikulala vizuri siku hiyo, lakini haikuwa huzuni. Nilicheka pia. Papa angenipiga kibao.

Usidhani nimeacha kuitaka. Ningepewa leo ningeipokea kwa mikono miwili. Ila sasa saa kumi ikifika nina kazi nyingine ya kufanya.

Jana nilimwomba Mama akae kwenye kigoda, pale palipokuwa na ampli. Alikataa kwanza kwa kuwa hakuwa na viatu, kisha akakubali. Jua lilikuwa limeshaingia kwa dirisha la kushoto. Miwani ilikuwa inarudisha mwanga, nikamwomba aivue, akaiweka mapajani. Nikalenga lensi, nikasogea, nikalenga tena. Picha yenyewe iko ndani ya bahasha hii. Itazame kwanza bila kunisoma, kisha unijibu kwa ukweli kama nilivyokujibu mimi.

Mama ana kidoti cheusi kwenye kona ya jicho la kushoto, mahali miwani inapofunika. Wewe ulikijua? Nina miaka arobaini na mitatu, sijawahi kuhama nyumba hii, na jana ndipo nimekiona.

Kaka yako,
Issa